Kongamano Si Mwaka: Jinsi ya Kuipanga Kalenda ya Chama cha Kitaaluma

Vyama vingi vya kitaaluma Afrika Mashariki vina mwaka wa siku tatu. Mgeni rasmi anafungua kongamano, mada zinawasilishwa, picha ya pamoja inapigwa kwenye ngazi za ukumbi, maazimio yanasomwa, watu wanaagana. Baada ya hapo chama kinageuka kundi la WhatsApp la kutumiana salamu za rambirambi na matangazo ya nafasi za kazi. Kongamano lijalo likikaribia, katibu anazinduka, anaandika "Waheshimiwa wanachama", na mbio zinaanza upya.

Makala haya nimemwandikia katibu huyo, pamoja na mwenyekiti wake, mweka hazina wake, na mwanachama wa kawaida anayejiuliza ada yake hufanya kazi gani kati ya Januari na Desemba. Nazungumzia vyama vya kikanda, yaani vile ambavyo wanachama wake wametapakaa katika nchi mbili, tatu au zaidi: vya Kiswahili, vya historia, vya sayansi asilia, vya wakutubi. Chama cha mji mmoja kikiitisha kikao, watu hupanda daladala wakafika. Chama cha kanda kikiitisha kikao, watu huanza kutafuta pasi ya kusafiria, ruhusa ya mwajiri na mtu wa kulipa nauli. Ndiyo maana kalenda yake haiwezi kuachwa ijipange yenyewe.

Nasaha ninayoiweka mbele ya zote ni hii: usianze kuupanga mwaka kwa kongamano. Anza na shughuli ndogo inayojirudia, kisha kongamano litafute nafasi yake.

Funzo la Jumatano

Miongoni mwa vyama vya wasomi vya kanda yetu vilivyodumu muda mrefu ni East Africa Natural History Society, ambacho siku hizi wengi wanakijua kwa jina la Nature Kenya. Kilianzishwa Nairobi mwaka 1909 na maofisa wa serikali ya kikoloni, wamishonari na walowezi waliokuwa na mapenzi ya wanyama, ndege na mimea. Mwaka uliofuata kilikwisha kuwa na jarida. Jumba dogo la makumbusho walilolianzisha ndilo chimbuko la Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa miaka mingi kilikuwa chama cha Wazungu watupu au karibu na hivyo, na hilo lisifichwe. Lakini katika jambo la kalenda kina la kutufundisha.

Kila Jumatano asubuhi, wanachama na wageni hukutana Makumbusho, Nairobi, wakatoka kwenda kutazama ndege. Matembezi haya yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa miongo mingi jina lililoambatana nayo ni la Fleur Ng'weno. Hayana mgeni rasmi. Hayana bajeti ya ukumbi wala mabango. Mwenye darubini humwazima asiye nayo, anayemjua ndege humtajia asiyemjua. Kijana aliyefika hapo bila kujua tofauti ya mwewe na kozi huondoka akijua, na akirudi tena na tena anakuwa yeye ndiye anayewataja ndege kwa wageni. Waongoza watalii na watafiti wengi wa ndege nchini Kenya walipitia katika matembezi hayo.

Siri yake iko katika siku. Jumatano haibadiliki, kwa hiyo haihitaji tangazo. Mwanachama aliyekuwa safarini miezi sita akirudi anajua wenzake wako wapi. Mgeni akiuliza chama kinakutana lini, anajibiwa kwa neno moja. Linganisha na vyama ambavyo kila kikao chake huanzia na kura ya kutafuta tarehe itakayowafaa wote, tarehe ambayo haijawahi kupatikana duniani.

Chama hichohicho kina shughuli nyingine inayofaa kuigwa, nayo ni kuhesabu ndege wa majini kila Januari. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa na taasisi nyingine, wanachama hugawana maeneo ya maziwa ya Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, Elementaita, Bogoria na Naivasha, wakahesabu heroe, bata, korongo na wengineo. Januari ilichaguliwa kwa sababu wakati huo Ulaya na Asia ni baridi kali, na ndege wahamiaji wako huku kwetu. Hesabu hizo huingia katika sensa ya ndege wa majini inayofanywa barani Afrika na kwingineko majira hayohayo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hesabu ya mwaka mmoja haina uzito mkubwa. Inapata thamani kwa kuwekwa kando ya hesabu ya mwaka uliotangulia na ya mwaka unaofuata. Ukiruka mwaka, pengo halizibiki. Shughuli ya namna hiyo humlazimisha mtu kuja hata mwaka ambao hana hamu.

Basi chama chako kitafute vitu viwili: Jumatano yake na sensa yake.

Chama cha Kiswahili kinaweza kuwa na saa moja ya mtandaoni kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, ambapo mtu mmoja anawasomea wenzake kurasa chache za utafiti ambao haujaiva. Nasisitiza "haujaiva", kwa sababu utafiti ulioiva unangoja kongamano, na saa ya Alhamisi ni ya kusaidiana. Kwa upande wa sensa, kinaweza kukusanya kila mwaka, katika mwezi mmoja uleule, maneno mapya yanayosikika sokoni, kwenye vituo vya bodaboda, hospitalini na redioni katika kila nchi yenye wanachama: neno, mahali liliposikiwa, sentensi iliyolibeba. Baada ya miaka kumi hakuna mtunzi wa kamusi atakayeweza kukipuuza chama hicho. Chama cha historia kinaweza kurekodi masimulizi ya wazee katika wilaya moja kila mwaka, au kutembelea magofu yaleyale, Kilwa Kisiwani au Gede, kwa picha zilezile kutoka pembe zilezile, ili mabadiliko yaonekane.

Zipo kanuni chache za kuilinda shughuli ndogo. Isiahirishwe kwa sababu waliofika ni watatu, kwa kuwa ikiahirishwa mara moja, mara ya pili hata hao watatu hawatakuja. Funguo zake, ziwe za chumba au za akaunti ya Zoom, ziwe kwa watu wawili. Na saa yake iandikwe pamoja na jina la mji. Kenya, Uganda na Tanzania zina saa moja, lakini Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili, na Oman iko mbele kwa saa moja. Kikao cha saa mbili usiku Dar es Salaam ni saa moja Kigali na Bukavu, na ni saa tatu Maskati. Katibu akiandika "saa mbili usiku" bila kutaja mji, nusu ya watu watakuja wakati dua ya kufunga inaombwa.

Tarehe usizozitawala

Ukishaiweka shughuli ndogo mahali pake, chukua karatasi kubwa, ichore miezi kumi na miwili, kisha jaza kwanza siku ambazo chama hakina uwezo wa kuzisogeza. Wengi huiruka hatua hii, ndipo wanapokuja kugundua wiki mbili kabla kwamba kongamano limeangukia Idi.

Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya Januari hadi Desemba, kwa hiyo tarehe iliyokuwa salama miaka mitatu iliyopita huenda leo si salama. Wiki ya kuanzia tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo nchini Rwanda, na si adabu kuwaita Wanyarwanda kwenye sherehe popote wakati huo. Machi hadi Mei ni masika, na ukiamua kongamano liwe mji wenye barabara ya udongo, umeamua pia nani hatafika. Juni ni mwezi wa bajeti za serikali, na mwaka wa fedha unaanza Julai: taasisi za umma mwishoni mwa Juni ama zina haraka ya kumalizia fedha ama hazina hata shilingi, na huwezi kujua mapema ni lipi kati ya hayo mawili. Vyuo vikuu navyo havifunguki pamoja. Vya Uganda huanza mwaka wa masomo mapema kuliko vya Tanzania, ambavyo kwa kawaida husubiri Oktoba au Novemba.

Halafu kuna uchaguzi. Katiba ya Kenya imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Tanzania hupiga kura Oktoba, Uganda mwanzoni mwa mwaka. Hata pakiwa na amani tele, ukumbi wa chuo utakuwa kituo cha kura, nauli zitapanda, na mgeni wako rasmi atakuwa jukwaani akiomba kura. Hamisha kongamano.

Kwa vyama vya Kiswahili kuna mtego mwingine wenye sura ya neema, nao ni tarehe 7 Julai. UNESCO ilitangaza Novemba 2021 kwamba siku hiyo ni Siku ya Kiswahili Duniani, na maadhimisho yakaanza 2022. Tangu hapo kila wizara, kila chuo, kila baraza na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar wana jambo siku hiyo. Wasemaji wanaotafutwa ni walewale. Chama kidogo kikiweka kongamano lake wiki hiyo kinashindania watu na serikali, na kitashindwa. Ushauri wangu ni kuitumia siku hiyo kwa jambo jepesi, kama vile wanachama wawili wawili kwenda kuzungumza katika shule ya sekondari iliyo karibu nao. Kongamano liwekwe mwezi mwingine, mtakapokuwa na ukumbi na masikio ya watu.

Mkutano Mkuu: panga kinyumenyume

Mkutano Mkuu wa Mwaka hauna mvuto, na kwa sababu hiyo hupewa nafasi mbaya kuliko zote: alasiri ya siku ya mwisho ya kongamano, wakati mabegi yako mlangoni. Basi la Kampala haliingoji akidi. Uweke siku ya pili, kabla ya chakula cha mchana. Watu wapo, wamekwisha kufahamiana, na njaa itazuia hotuba ndefu.

Sheria nayo ina neno lake. Chama cha kanda, hata kikiwa na wanachama katika nchi saba, kwa kawaida kimesajiliwa katika nchi moja na kinafuata sheria za nchi hiyo. Kiongozi mpya ajue kwanza ni nchi ipi. Nimewahi kuwasikia viongozi wakibishana kuhusu hilo mezani, hali kila mmoja ana uhakika. Nchini Kenya, Sheria ya Vyama inataka chama kilichosajiliwa kifanye mkutano wa wanachama wote angalau mara moja kwa mwaka na kiwasilishe taarifa zake kwa Msajili kila mwaka. Tanzania Bara, vyama vya kijamii vinasajiliwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na Zanzibar ina sheria yake. Usipowasilisha taarifa, polisi hawatakuja usiku. Utaumia siku mnapobadilisha viongozi, benki ikataka barua ya Msajili kabla ya kubadili watia saini, na Msajili akakuonyesha orodha ya miaka ambayo hamkuleta kitu. Fedha zitakaa benki zikitazamwa tu.

Kwa hiyo fungua daftari uhesabu kurudi nyuma. Tuseme Mkutano Mkuu ni Jumamosi ya katikati ya Septemba. Katiba zetu nyingi zinataka wanachama wapewe taarifa siku 21 kabla, pamoja na ajenda na hesabu. Basi hesabu zilizokaguliwa ziwe tayari mwishoni mwa wiki ya tatu ya Agosti. Mkaguzi mpe mwezi mzima, hata akisema wiki moja inamtosha. Maana yake mweka hazina amkabidhi vitabu katikati ya Julai, na hilo litawezekana iwapo mwaka wa fedha wa chama utafungwa tarehe 30 Juni na stakabadhi zimekusanywa mwezi hadi mwezi. Mweka hazina anayetunza stakabadhi ndani ya simu aliyoibiwa Mei hana hesabu. Ziwe mahali pawili.

Ada ndiyo inayotesa vyama vya kanda kuliko neno jingine lolote. Mwanachama wa Bujumbura anataka kulipa lakini gharama ya kutuma fedha benki inakaribia ada yenyewe. Njia inayofanya kazi ni kuwa na mwakilishi katika kila nchi anayekusanya kwa simu, anaandika orodha, na kutuma kwa pamoja mara mbili kwa mwaka. Orodha yake isomwe hadharani kwenye kundi la wanachama kila robo mwaka. Hilo linamlinda mwakilishi dhidi ya midomo, na linawakumbusha wasiolipa bila kuwataja. Tarehe ya mwisho ya ada iwe siku ya kutumwa taarifa ya Mkutano Mkuu, na asiyelipa asipige kura. Katiba iseme hivyo, na mwenyekiti asiogope kuitekeleza hata kwa profesa mstaafu. Watia saini wa akaunti wawe watatu, wawili watosha. Angalau wawili wao wawe katika nchi yenye akaunti, la sivyo kila hundi itasafiri kuliko wajumbe.

Kongamano sasa

Likija katika nafasi yake, kongamano ni jambo la miezi tisa. Chini ya hapo ni dharura.

Mwito wa makala utoke mwezi wa kwanza kati ya hiyo tisa, ukitaja mada kuu, mada ndogo, tarehe, mji na gharama. Ikisiri isizidi maneno 300. Tarehe ya mwisho iliyotangazwa iwe wiki mbili kabla ya ile ya kweli, kwani utaiongeza tu, na kila mtu anajua utaiongeza. Majibu yatoke miezi minne kabla ya kongamano. Hapa sikubali mzaha. Mhadhiri wa chuo cha umma hapati ruhusa wala posho bila barua ya kukubaliwa, na barua hiyo hupita kwa mkuu wa idara, mkuu wa kitivo na ofisi ya fedha, kila mmoja na safari zake. Ukimpa barua wiki tatu kabla, umemkatalia kwa adabu.

Barua hiyohiyo ibebe maelezo ya safari. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, lakini anayekwenda Tanzania aandae pasi au hati ya kusafiria. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mipakani, na chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa asubuhi ya safari hakumsaidii mtu. Aliyekwisha kuchanjwa asichomwe tena: tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani, hata kama kimeandikwa kwamba muda wake umekwisha. Mambo haya yanaonekana madogo hadi mtoa mada wako mkuu anapokaa mpakani Namanga kwa saa nne nzima.

Kuhusu ufunguzi nina maoni yasiyopendwa. Mgeni rasmi asifungue asubuhi. Mheshimiwa anayetarajiwa saa tatu hufika saa tano, na watu mia wanakaa wakitazama jukwaa lenye maua. Anza na mada saa mbili na nusu, vikao viwili au vitatu sambamba, kazi iendelee. Akifika, vikao vifungwe kwa nusu saa, apewe heshima zake zote, afungue, apige picha, aondoke au abaki. Atakuta watu wanafanya kazi, na hilo humpendeza kuliko ukumbi uliochoka. Kila mtoa mada apewe dakika 15 na dakika 5 za maswali, mwenyekiti wa kikao awe na kadi ya kuonyesha muda, na akatize bila kumwonea mtu haya. Mada tano kwa kikao ni nyingi mno. Nne.

Mwenyeji achaguliwe miaka miwili mbele, ili pawe na mwenyeji wa mwaka huu na wa mwaka ujao wanaotazamana. Kabla hajaanza kazi, atie saini karatasi ya ukurasa mmoja inayojibu maswali matatu: nani anakusanya ada za ushiriki, fedha zikibaki ni za nani, na zikipungua nani analipa. Vyama vimevunjika kwa swali hilo la tatu. Kuzunguka nchi hadi nchi ni jambo jema na ni haki, lakini nchi isiyo na wanachama wa kutosha kulibeba kongamano isipewe kwa sababu zamu yake imefika. Ipewe mkutano mdogo wa siku moja kwanza.

Kinachobaki mkononi

Mwaka wa chama cha wasomi hupimwa kwa karatasi. Uganda Society, iliyoanzia Entebbe mwaka 1923 kwa jina la Uganda Literary and Scientific Society, ilianza kutoa Uganda Journal mwaka 1934. Tanganyika Notes and Records lilianza Dar es Salaam 1936, baadaye likaitwa Tanzania Notes and Records. Mtafiti wa leo wa historia ya Buganda, ya reli au ya magofu ya pwani bado anayafungua majarida hayo, pamoja na kasoro zote za fikra za waandishi wake wa kikoloni. Karamu na mihadhara ya vyama hivyo imesahaulika. Na maktaba ya Uganda Society, iliyomo ndani ya Makumbusho ya Uganda jijini Kampala, imekihifadhi chama kilichopita katika nyakati ngumu, ikiwemo miaka ya Idi Amin ambayo jarida lake lilikwama.

Ahidi toleo moja kwa mwaka, na litoke mwezi uleule. Jarida linaloahidi matoleo mawili na kutoa moja kila baada ya miezi 20 limewadanganya waandishi wanaongoja kupandishwa vyeo, na hao hawasahau. Omba namba ya ISSN mapema, ukikumbuka kwamba toleo la karatasi na la mtandaoni kila moja lina namba yake. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo siku hizi makao yake yako Afrika Kusini, imeyafanya majarida ya Afrika yaonekane na watu wasiopita Dar wala Nairobi, kwa hiyo soma masharti yao kabla ya kuunda tovuti yako itakayokufa na mwanafunzi aliyeiunda.

Makala za kongamano zidaiwe ndani ya siku 60 baada ya kongamano, wakati maswali ya ukumbini bado yanawawasha waandishi. Kila makala isomwe na watu wawili, wapewe wiki sita, na mmoja wao awe wa nchi nyingine na mwandishi. Hilo la nchi nyingine nimelitia kwa makusudi. Ndilo linalokifanya chama kiwe cha kanda kweli, na linapunguza yale mambo ya mwanafunzi kusomwa na msimamizi wake. Mhariri asichaguliwe kwa kura ya kila mwaka kama viongozi wengine. Mpe miaka minne, na msaidizi atakayemrithi. Toleo likitoka, nakala zipelekwe kwenye maktaba moja kubwa katika kila nchi, kwa mkono, na stakabadhi irudi.

Nyaraka nyingine nazo zihesabiwe kuwa shughuli ya mwaka. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilihamisha ofisi yake kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi, ikaenda Makerere, ikapita Mombasa, kabla ya kurudi Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Katika miaka yake ya mwanzo ndipo zilipotoka kamusi za Frederick Johnson za 1939, ambazo hadi leo zinatumika. Ofisi ikihama hivyo, kisichofungwa vizuri hupotea. Vyama vyetu vya leo havihami ofisi kwa sababu havina ofisi. Vinahama kutoka kompyuta ya katibu mmoja hadi ya mwingine, na kila anapoondoka katibu, nusu ya kumbukumbu huondoka naye. Barua pepe ya chama iwe ya chama, nywila iwe kwa watu wawili, na kila Desemba katibu achapishe kwa karatasi muhtasari wa vikao vyote, orodha ya wanachama hai na hesabu, azijalidi, apeleke nakala maktaba. Gharama yake ni ndogo kuliko chai ya asubuhi moja ya kongamano.

Yapo mengine: tuzo ya mwanafunzi bora, mhadhara wa kumkumbuka mwasisi, ziara ya siku moja baada ya kongamano. Ni mazuri na ni rahisi kuyaongeza, na ndiyo maana yasiwe ya kwanza. Chama chenye tuzo na kisicho na hesabu zilizokaguliwa kinavaa tai bila shati.

Wewe katibu unayesoma haya, usingoje kamati nzima ikubaliane juu ya kila kitu. Mwezi huu tangaza siku moja ya mwezi, saa moja na mji wake, na jina la mtu wa kwanza atakayezungumza. Wakija watatu, endelea, na mwezi ujao siku hiyohiyo uwepo tena. Nawe mwanachama, lipa ada kabla hujauliza cheti cha ushiriki.